Sanduku la vikwembe (vitenge) vya mama: tupeane uzoefu, kwenu mligawa namna gani?

Wa Majengo
Jana tumefungua sanduku la mama, miezi minne tangu tumzike. Vikwembe 31, vingine bado havijakatwa, na kimoja kimefungiwa karatasi ya likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, kwenye ncha. Dada zangu wameanza kununiana. Kwenu mlifanyaje?

Jirani
Gawa haraka. Likikaa, mrithi ni panya.

Kasambaza
Usiguse! Subiri mwaka uishe.

Yaya Mkubwa
Kusikia kikwembe nimekumbuka 2002. Mama alikuwa ameteleka maharagi, tukasikia makelele: moto unashuka Goma kutoka volkano ya Nyiragongo. Akazungushia sufuria kikwembe, ikiwa inachemka vile vile, akajitwika. Mdogo wetu mgongoni, mimi godoro. Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kwa miguu.

Katika ule msongamano nikaachia mkono wa kaka yangu, alikuwa na miaka sita. Mama hakulia. Aliniketisha kando ya barabara na mtoto na sufuria, "Usisogee hata nikichelewa," akarudi kule tulikotoka. Mji mzima unashuka, yeye peke yake anapanda. Nilihesabu magodoro yanayopita mpaka hesabu ikanipotea. Giza likaingia, mbingu nyekundu.

Akatokea naye begani, mtoto ana kandambili moja. Neno la kwanza: "Maharagi iko?" Tulikula usiku ule, na watu tusiowajua wakala.

Nyumba ilibaki chini ya mawe, akajenga ya mbao juu yake. Mpaka anakufa hakunitajia ule mkono hata siku moja. Afadhali angenichapa.

Mama Mapacha
Wamama wetu. Pole, yaya.

Kasambaza
Mbona ilikuwa Jumamosi usiku, na volkano iliishia Buhene, pembeni ya mji? Na kikwembe gani hakiungui?

Mzee wa Chukudu
Hiyo ni 2021, mdogo wangu. 2002 ilikuwa Alhamisi, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulikuwa umezaliwa?

Kasambaza
Nilikuwa tumboni.

Mzee wa Chukudu
Basi kamuulize aliyekubeba, wacha kubisha.

Jirani
Turudi kwenye sanduku. Pigeni kura.

Mama Mapacha
Kura ya vikwembe? Mtauana. Kila mtu achague kimoja, vingine wapewe wale waliomwogesha.

Wa Majengo
Asanteni. Ila mambo yamegeuka. Wamama wa likelemba wamefika asubuhi: zamu ya mama ilikuwa haijafika, wameleta pesa yake yote, hata franka moja haikupungua. Dada mkubwa ameshika bahasha. Vikwembe hakuna anayeviuliza tena.