Jaketi la mvua la kupandia mlima wakati wa baridi huku Scotland: pauni 250 zinatosha?

NesiWaMarangu aliandika:

Wakuu, habari za humu. Ni mgeni kwenye jukwaa hili la milima ila mlima wenyewe si mgeni nao. Nimezaliwa Marangu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nimekua nikiiona kwenye dirisha la jikoni kwa bibi. Nilipanda mara moja tu, 2019, njia ya Machame, jaketi nikakodi Moshi mjini. Lilikuwa la kiume, jekundu, na mvua ya msituni ililipita kama chujio la chai. Bahati nzuri juu kulikuwa kukavu, nikafika Uhuru natetemeka lakini sijaloa.

Sasa nipo Inverness, mwaka wa tatu huu. Wenzangu wawili wa wodini wanapanda milima masika na kiangazi, theluji kwao ndiyo sikukuu, na wamenivuta. Mwezi wa kwanza tumelipia mafunzo ya siku mbili kwenye milima ya Cairngorms: kutembea na kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti), kujizuia kwa shoka la barafu ukiteleza, na siku ya pili kufungwa kamba tupande kakorongo kepesi. Kwenye orodha ya vifaa wameandika jaketi gumu lisilopitisha maji, kofia yake iweze kuvalika juu ya helmeti.

Nimeingia dukani nimetoka na kizunguzungu. Moja pauni 120, jingine 480, na yote yanasema hayapitishi maji. Kijana wa dukani ananitajia elfu kumi, elfu ishirini, elfu ishirini na nane, nikadhani ananipa bei kwa shilingi.

Nina pauni 250, nikijikaza 280. Naomba mnieleze kwa lugha ya nyumbani: hizo namba zina maana gani kwa mtu kama mimi? Na je, ninunue jipya la bei ya kati, au nitafute la juu lililotumika? Mimi kwenye mitumba siyo mjinga, ila nguo za aina hii sizijui.

Nawasilisha.

KijanaWaTabata alijibu:

Dada umetoka kwenye joto ukaenda kwenye baridi, sasa uko kwenye baridi unatafuta baridi kubwa zaidi, tena unailipia. Hizo pauni ungeezeka nyumba ya bibi. Haya, nimekaa hapa nafuatilia uzi.

Mgumu_wa_Moshi alijibu:

Shimbonyi dada. Pole kwa hilo jaketi jekundu, nadhani nalifahamu, bado lipo kazini.

Mimi ni mtu wa mlimani, nilianza kubeba mizigo sasa naongoza wageni. Ya theluji ya Ulaya siyajui, nitaongelea mitumba tu, maana majaketi yangu yote nimeyatoa Memorial, soko la mitumba hapa Moshi. Jaketi la mvua lililotumika linadanganya kwa nje. Rangi inang'aa, zipu nzima, kumbe ndani limeshakufa. Ligeuze. Angalia zile tepu zilizobandikwa juu ya mishono. Kama zinabanduka, au ukipitisha kidole zinanata kama gundi ya zamani, au kuna unga mweupe unapukutika mabegani, achana nalo hata likiwa la bure. Halafu linuse. Kuna harufu fulani ya uchachu inayotoka kwenye bitana iliyooza, ukishaikuta mara moja huisahau.

Jaribio la mwisho: omba maji kikombe kimoja. Kunja mkono wa jaketi uwe kama bakuli, nje iwe juu, mimina maji, subiri dakika tano huku unapiga stori na muuzaji. Gusa kwa chini. Pakiwa pakavu, anza kupatana bei. Wauzaji wa Memorial wameshanizoea, nikifika wananiletea maji wenyewe. Huko kwenu mkinunuliana kwa mtandao sijui utamimina maji wapi.

MpishiWaNanyuki alijibu:

Dada Nesi, hongera, na karibu kwenye ugonjwa usio na dawa. Mimi ni wa Nanyuki, nilibeba mizigo Mlima Kenya miaka minne, njia ya Sirimon na Naro Moru, sasa napika hotelini Fort William na huu ni msimu wangu wa nane wa theluji. Nitaandika mengi kidogo kwa sababu nililipa ada ya kujifunza na singependa uilipe tena.

Kwanza weka Kilimanjaro pembeni. Ben Nevis hapa nilipo ina mita 1,345, yaani mlima wote unaisha kabla hujafika geti la Machame. Ukisikia hivyo unaudharau. Mimi niliudharau. Lakini kule kwetu ukishapita mita 4,500 baridi ni kavu, theluji ikikuangukia unaikung'uta unaendelea. Huku joto linacheza pale pale kwenye sifuri. Unaondoka kwenye gari mvua inanyesha, saa nne imekuwa theluji ya majimaji, saa sita upepo unageuka na kila kilicholowa kinaganda kikiwa mwilini mwako. Na upepo wenyewe, juu ya Cairn Gorm ulipimwa kilomita 278 kwa saa, Machi 1986. Kwa hiyo jaketi la huku linapigana na maji na upepo kwa pamoja, wakati wewe ndani unatoka jasho kama uko jikoni kwangu.

Sasa hizo namba. Ni milimita za maji. Wanasimamisha maji juu ya kitambaa na kuongeza kimo hadi kianze kuvuja. Elfu kumi ni nguzo ya maji ya mita kumi. Mvua peke yake haina nguvu hiyo, ila mkanda wa begi ukikaza begani, au ukipiga goti au kukalia theluji iliyolowa, pale ndipo maji yanasukumwa kuingia. Kwa huku chukua elfu ishirini na kwenda juu, kisha usisumbuke tena na namba. Elfu ishirini na nane haitakufanya mkavu kuliko ishirini.

Kitu ambacho yule kijana wa dukani hakukuambia ni hiki: utalowa kutoka ndani. Katikati ya kitambaa kuna utando wenye vitundu vidogo mno, tone la maji halipiti lakini mvuke wa jasho unapita. Ule wa Gore-Tex ulitokana na Bob Gore kuvuta plastiki ya PTFE kwa ghafla mwaka 1969, na kitambaa chake kikaanza kuuzwa 1976. Ni kitu cha ajabu kweli, ila kinafanya kazi kama kitambaa cha nje hakijanywa maji. Nje kuna dawa inayofanya maji yawe matone na kuteleza, kama kwenye jani la yugwa. Dawa ikichoka, kitambaa kinakunywa, kinakuwa kizito na baridi, mvuke unakosa pa kutokea, unarudi kuwa maji mgongoni mwako. Hapo mtu analalamika jaketi linavuja. Halivuji. Limechafuka.

Kwa hiyo lifue. Watu wanaogopa kulifua kana kwamba ni suti ya harusi. Tumia sabuni ya maji ya nguo hizi (Nikwax wanayo), si ya unga, na dawa ya kulainisha nguo usiiguse. Suuza sana. Likishakauka liingize kwenye mashine ya kukaushia, joto la chini, dakika ishirini, ile dawa inaamka. Ikikataa kuamka, kuna ya kuongeza. Haya majaketi mapya ambayo hayana kemikali za florini yanahitaji kufuliwa mara nyingi zaidi, kwa sababu dawa yake haivumilii mafuta ya ngozi na jasho. Usilichukie jaketi, hiyo ndiyo tabia yake.

Sasa nije kwenye kofia, maana hapa ndipo nilipolipia. Msimu wangu wa kwanza nilinunua jaketi zuri, la bei kuliko bajeti yako, nikalijaribu dukani kichwa kitupu. Likanikaa kama la mchumba. Nimefika kwenye korongo Ben Nevis, helmeti kichwani, navuta kofia haifiki. Ikiishia nyuma ya masikio, shingo iko wazi, na nikiivuta kwa nguvu jaketi lote linapanda na kidevu kinabanwa siwezi kutazama juu. Nikavua helmeti, nikavaa kofia kwanza, helmeti juu yake. Ikakaa kama sufuria kwenye figa moja. Vumbi la theluji linalomwagika toka juu likapata njia shingoni, likayeyuka mgongoni, na niliposimama kumshikia mwenzangu kamba, dakika arobaini, yale maji yakaanza kuganda. Siku ile nilimkumbuka mama yangu kwa jina lake kamili.

Kwa hiyo nenda dukani na helmeti. Azima kwa hao wenzako. Ivae, vaa kofia juu, funga zipu mpaka mwisho, kisha tazama dari, tazama bega la kushoto, la kulia. Uso ubaki wazi na kofia igeuke pamoja na kichwa. Kama inabaki imeangalia mbele huku wewe umegeuka, rudisha kwenye hanga.

Wakuvalishe na mkanda wa kupandia pia, hanesi, kama wanao. Inua mikono yote kana kwamba unachoma mashoka juu. Jaketi likichomoka chini ya mkanda ni fupi. Mifuko iwe juu ya mkanda, ile ya chini karibu na nyonga hutaifikia. Zipu ya mbele iwe inafunguka pia kutoka chini. Zipu za kwapani kwangu ni lazima, hizo ndizo zinatoa joto kuliko utando wowote. Na vaa glavu zako nene uone kama unazishika zipu na kukaza kamba ya kofia bila kumwita mtu.

Ukubwa: liingie juu ya flisi moja (lile sweta laini la manyoya bandia) na si zaidi. Jaketi nene la joto linavaliwa juu ya hili unaposimama, halikai chini yake. Chukua la tabaka tatu zilizoshikana, gramu 450 hadi 550 hivi. Yale mepesi ya gramu 200 ni ya wakimbiaji, mwamba mmoja tu linachanika. Rangi yoyote isipokuwa nyeusi, kijivu na nyeupe. Ukungu ukishuka huku wenzako wanakutafuta kwa macho.

Kuhusu bei, 250 inatosha ukichukua rangi ya mwaka jana. Zile za 480 unalipia wepesi na jina kifuani.

Mgumu_wa_Moshi alijibu:

Mkuu Mpishi, hapo kwenye kulifua umenishika. Nina moja nimelitumia miaka sita sijalifua, nikiamini sabuni inaliua. Kesho linaingia kwenye beseni. Mashine ya kukaushia sina, pasi itafaa?

MpishiWaNanyuki alijibu:

Inafaa kaka. Pasi ya joto dogo, usiweke mvuke, tandika taulo kati ya pasi na jaketi. Kwanza soma kile kitambulisho cha ndani kama kinaruhusu, kama bado kinasomeka baada ya miaka sita ya jasho.

NesiWaMarangu alijibu:

MREJESHO. Asanteni sana wakuu, Mpishi nikifika Fort William nakuletea ndizi, niambie tu zinapatikana wapi.

Nilienda na helmeti ya mwenzangu kwenye mfuko wa sokoni. Majaketi sita nimeyajaribu, manne yamefeli kofia, tena mojawapo ndilo lile la 480. Tatizo ambalo hamkunitajia ni misuko. Nimesuka rasta na nilizifunga fundo nyuma, helmeti ikawa inaelea. Ikabidi nifumue fundo pale pale mbele ya kioo, nizisuke mbili za chini zilale shingoni. Kijana wa dukani alinishikia vibanio kwa heshima kubwa. Nimechukua la rangi ya haradali, tabaka tatu, zipu za kwapani, la mwaka jana, pauni 245.

Mafunzo tumemaliza juzi. Jumamosi yote ilikuwa theluji ya maji ikija kwa ubavu, vile vile Mpishi alivyosema. Mikono na kifua vilikaa vikavu na kofia haikunisumbua hata mara moja. Wakati wa kupanda nilifungua zipu za kwapani, raha tupu. Kisha tukafika kwenye mteremko wa kujifunza kujizuia na shoka, unajirusha kwa tumbo, unateleza, unageuka, unachoma. Nimejirusha mara ya kwanza zipu zote mbili za kwapani ziko wazi. Theluji ikaingia huku na huku, ikafika kwenye sidiria, nikapiga yowe la Kichaga ambalo mwalimu alidhani nimevunjika mbavu.

Suruali ndiyo iliyolowa, ilikuwa ya kuazima. Mnasemaje kuhusu suruali?