Barakoa, sanitaiza au sabuni: mlipuko ukija tena, mtaji mdogo niuweke wapi?

MamaDuka_Igoma
Habari zenu wakuu. Nina duka dogo Igoma, Mwanza. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini, watu walivamia maduka wakitafuta sanitaiza na barakoa, na bei ya jumla ikawa haishikiki. Baadaye wakahamia kwenye tangawizi na malimao. Safari hii nataka niwe na akiba kabla, ila mtaji hautoshi kuweka kila kitu. Kati ya barakoa za hospitali, za kitambaa, N95 (zile nzito zinazobana uso na kuchuja chembe ndogo), sanitaiza na sabuni, mngeanza na kipi?

Mzigo_Kariakoo
Dada, mimi nauza jumla. Chukua barakoa za hospitali, boksi za 50. Ni nyepesi, hazivuji, na mteja anaweza kununua moja moja. N95 iache: mtaani wanaoiulizia ni wachache, na ikikaa miaka mikanda yake inalegea. Tarehe 3 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema bei ya barakoa za hospitali imepanda mara sita na N95 mara tatu. Aliyekuwa na maboksi ndani alipata.

Nesi_wa_Zamu
Kaka, hapo kwenye "alipata" lazima niseme. Barakoa zilizogombaniwa mtaani ndizo tulizozihitaji wodini. Tamko hilo hilo lilikadiria kuwa zinahitajika milioni 89 kila mwezi duniani, na likataja wazi ununuzi wa hofu na watu kuficha mizigo kuwa chanzo cha uhaba. Iliniuma sana.

Dada, anza na sabuni. Kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ya kipande ya kawaida kabisa inauvunja. Kipindupindu kikiingia, sabuni hiyo hiyo inatakiwa. Ugonjwa ukiisha, watu bado wanafua na kuoga, kwa hiyo haikulalii dukani. Sanitaiza inafaa kwa kondakta au aliye mbali na maji, lakini kwenye mikono yenye tope au mafuta nguvu yake inapungua. Ukinunua, soma lebo: alkoholi isipungue asilimia 60, na iwe ethanoli au isopropanoli. Methanoli ni sumu. Chupa isiyoandikwa kiasi cha alkoholi usiipokee hata kwa bei ya kutupa.

Fundi_Cherehani
Za kitambaa huna haja ya kuzirundika. Zungumza na fundi wa jirani, weka kitambaa na lastiki, zishonwe zikihitajika. Ila zishonwe vizuri. Juni 2020 Shirika la Afya lilishauri tabaka tatu: ndani pamba inayonyonya, katikati kitambaa cha polipropilini kisichofumwa, nje kisichonyonya maji kama polista. Mtaani zilijaa za kitenge tabaka moja, ukiinua juani mwanga unapita.

Mkisauni
Hapa Kenya barakoa zililazimishwa Aprili 2020, na kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kikaanza kuzishona. Kuhusu bei, dada yangu, kuwa makini. Mamlaka ya Ushindani iliamuru supamaketi moja irudishie wateja pesa kwa kuwapandishia bei ya sanitaiza. Wateja wa mtaani hawasahau aliyewakamua wakiwa na hofu.

MamaDuka_Igoma
Nawashukuru sana. Sabuni kwanza, basi, na sanitaiza chupa ndogo chache. Nesi, barakoa za hospitali nitaweka boksi mbili tu kwa wanaouguza wagonjwa nyumbani. Swali la mwisho: ndoo za kunawia nichukue zilizokwisha fungwa koki?

Mzigo_Kariakoo
Hapana dada. Chukua ndoo za kawaida zenye mfuniko, na koki kando. Asipotokea wa kunawia, ndoo inauzika kama ndoo. Na kila koki ikague iwe na washa mbili za mpira, ya ndani na ya nje, maana bila hizo inavuja.