Pawasaplai tatu za volti 48 kwenye amplifaya ya redio zinazimana, naomba ushauri

FundiWaMlimani (Newala)
Wakuu, heshima kwenu. Nahudumia mtambo wa redio ya jamii huku Newala, leseni ipo, amplifaya ya FM wati 600. Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo na kuunguza pawasaplai, kile kifaa kinachoilisha amplifaya umeme. Ya ukubwa ule sikuipata Mtwara mjini, nikaagiza Dar tatu ndogo za volti 48, ampea 10 kila moja. Nimeziunga sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Amplifaya inakula kama ampea 17, nikaona 30 zinatosha na zinabaki.

Mpaka wati 200 inakwenda vizuri. Nikifika 400, moja inazima, halafu zote zinaanza tik, tik, tik, taa za kijani zinawaka na kuzimika. Bila mzigo nimepima 48.3, 48.0 na 47.7. Nimegusa maboksi: ya kwanza ina moto, ya tatu ya baridi kama haijawashwa.

Huu ni msimu wa korosho, watu wanasubiri bei za mnada redioni. Kwa wati 200 vijiji vya bondeni upande wa Ruvuma havitusikii kabisa. Nisaidieni.

MzeeWaMikindani
Mwanangu, jibu umelishika kwa mkono wako, ni hilo joto. Pawasaplai hazijui kugawana. Yenye volti juu hata kidogo hubeba mzigo, nyingine zinatazama. Hiyo ya 48.3 inabeba mpaka inazidiwa, inajizima, mzigo unaiangukia ya 48.0, nayo inaelemewa. Kila inayojaribu kuamka inakuta mzigo wote unaingoja peke yake. Ndiyo hiyo tik tik.

Kwanza zisawazishe. Zitenganishe, kila moja uipe mzigo mdogo uleule, ziache robo saa zipate joto, ndipo uzungushe skrubu ya volti pole pole. Tofauti isizidi volti 0.02. Kisha kila moja ipate ukinzani wake kabla ya kukutana na wenzake. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una takriban omu 0.012 kwa mita. Mita 2 za chanya na 2 za hasi kwa kila pawasaplai, una karibu omu 0.05. Inayotaka kubeba zaidi, waya wake unapoteza volti zaidi, inarudi kwenye mstari. Urefu uwe sawa hata kama boksi moja liko karibu, na waya usiuviringe ukashika joto.

Usiruke hatua ya kwanza. Tofauti yako ya volti 0.6 ukiigawa kwa 0.05 ni ampea 12. Waya peke yake hautakuokoa.

KijanaShangani
Mkuu, weka dayodi za Shotki, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila chanya, kazi imekwisha.

MzeeWaMikindani
Dayodi ni nzuri, ila kazi yake ni nyingine. Pawasaplai moja ikipiga shoti ndani, haitazivuta wenzake. Mzigo haiugawi.

BintiLindi
Shikamoo mzee. Kaka wa Newala, kabla hujakata waya, hiyo amplifaya ndani ina moduli ngapi, yaani vipande vya kukuza nguvu?

FundiWaMlimani
Mbili za wati 300, zinakutana kwenye kombaina, kile kifaa kinachojumlisha nguvu zao.

BintiLindi
Basi usiunge sambamba! Kila moduli ipe pawasaplai yake, hasi tu ndizo zikutane. Wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 75 ni wati 400 za umeme, yaani ampea 8.3. Ya ampea 10 inaweza, feni zikiwa safi. Ya tatu inakuwa akiba kabatini, na msimu huu akiba ni mali.

Ila jua hili: moduli moja ikizima, hewani hupati nusu, unapata robo, kama wati 150. Nyingine 150 zinaishia kwenye rizista ya kombaina, hakikisha inaziweza. Na ukifungua boksi, kapasita kubwa hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Pima kwanza, nakuomba.

MzeeWaMikindani
Marahaba binti. Moduli zikiwa mbili, fuata yake, ni bora kuliko yangu.

FundiWaMlimani
Mrejesho. Nimetenganisha jana usiku baada ya matangazo. Rizista ya kombaina nimeikuta ni ya wati 250. Nimezisawazisha pia kama mzee alivyosema, nikawasha pawasaplai kwanza, amplifaya baadaye. Wati 590, waya mmoja ampea 8.1, mwingine 8.3, maboksi yote mawili yana joto sawa. Asubuhi mkulima wa bondeni alipiga simu studio akiomba bei irudiwe, alikuwa bado anatafuta kalamu.