Kishikio cha birika kimekatika nikaungua mkono. Duka wanataka nilirudishe na nisaini karatasi. Nisaini?

Swali – fundi_wa_mkasi

Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu, na kama kuna anayejua sheria humu ndani nitashukuru sana.

Siku 11 zilizopita, alfajiri, nilichemsha maji kwenye birika la umeme la lita 1.7. Maji hayakufika hata nusu. Lilipojizima nikalinyanyua kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kikombe. Kabla sijaanza kumimina, kishikio kikaachia upande wa juu, birika likapinduka kwa mbele, kifuniko kikafunguka, maji yote yakaishia kwenye ule mkono wenye kikombe. Malengelenge yalianzia kwenye kifundo hadi vidole vitatu. Mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kulia ndio unaoshika mkasi, na tangu siku ile sijakata hata kola moja. Oda mbili nimezirudisha kwa wenyewe.

Birika alilinunua dada yangu akanipa zawadi, yapata miezi 7 sasa. Risiti anayo yeye. Tulipowapigia simu duka walikuwa wapole: lileteni, tutawapa jipya la aina ileile, halafu msaini karatasi kwamba hamna dai lingine lolote. Nilipotaja gharama za hospitali wakabadilika. Wakasema kwanza si mimi niliyenunua, pili wao hawakulitengeneza, wanauza tu.

Je, ni kweli sina haki kwa sababu nilipewa zawadi? Na hiyo karatasi nisaini? Wananisubiri kesho.

Jibu la 1 – mpenda_amani

Pole sana dada, Mungu akuponye haraka. Kwa maoni yangu chukua birika jipya, yaishe. Kesi na kampuni huchukua miaka na wao wana mawakili wa kudumu. Ajali ni ajali, hakuna aliyekusudia kukuumiza.

Jibu la 2 – fundi_vifaa

Pole dada. Mimi natengeneza vifaa vya umeme vya nyumbani, na vishikio vya namna hiyo nimeviona vingi. Fanya hivi kabla ya jambo lolote: lipeleke birika kwenye mwanga wa jua, uangalie pale plastiki ilipokatika kuzunguka tundu la skrubu. Ufa ulioanza zamani huingiwa na mvuke, vumbi na chokaa ya maji, kwa hiyo uso wake huwa na rangi iliyofifia au ukahawia. Sehemu iliyokatika siku yenyewe hubaki safi na kung'aa. Ukiona rangi mbili kwenye mkato mmoja, ujue kishikio hicho kilikuwa kinakatika polepole wakati wewe unachemsha maji bila kujua. Mara nyingi chanzo ni skrubu iliyokazwa kupita kiasi kiwandani, au plastiki nyembamba mno mahali penye joto na uzito.

Usilioshe. Usijaribu kuligundisha wala kufungua skrubu iliyobaki. Piga picha, weka rula pembeni.

Jibu la 3 – karani_wa_majalada

Dada, usisaini, na birika lisitoke mikononi mwako. Soma mpaka mwisho ndipo uamue.

Nilifanya kazi miaka 19 kwenye ofisi ya mawakili, nikiandaa majalada ya watu walioumizwa na bidhaa. Kuna jalada moja silisahau. Baba mmoja alianguka kwenye ngazi ya alumini baada ya kidato kuachia, nyonga ikavunjika. Duka likamwambia arudishe ngazi apewe nyingine. Akairudisha kwa nia njema kabisa. Alipofika kwetu miezi minne baadaye, ile ya kwanza ilishauzwa kama chuma chakavu. Tulikuwa na picha za eksirei, barua ya daktari, mashahidi wawili waliomwona akianguka. Kitu kimoja tu hatukuwa nacho, nacho ni kile kidato. Mtaalamu angechunguza nini? Dai likafia hapo. Nilimfungulia mlango siku anaondoka na magongo yake, na nikiona mtu anaambiwa "rudisha tukupe jipya" moyo wangu bado unashtuka.

Sasa swali lako la zawadi. Hapa kuna haki mbili, na duka linazichanganya. Moja ni ya mkataba: bidhaa mbovu ibadilishwe au pesa irudi. Hiyo kwa kawaida ni ya aliyenunua, yaani dada yako. Nyingine ni fidia kwa madhara ya mwili yaliyoletwa na kasoro, na hiyo ni yako wewe uliyeungua. Mahakama zimelijibu jambo hili tangu zamani. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kwenye chupa nyeusi isiyopitisha mwanga. Alidai kwamba walipomimina kilichobaki, akatoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakuwa amelipa chochote wala hakuwa na mkataba na mtu. Mwaka 1932, majaji wa juu kabisa wa Uingereza, watatu kwa wawili, waliamua kwamba mtengenezaji anawajibika kuwa mwangalifu kwa yule atakayetumia bidhaa yake, awe ameinunua au la.

Donoghue bado alitakiwa kuthibitisha uzembe. Kesi inayokufanana zaidi ni ya California, ya mwaka 1963. Mke alimnunulia mumewe, aliyeitwa Greenman, mashine ya useremala kama zawadi ya Krismasi. Akiwa anachonga mbao, kipande kikaruka kikampiga kwenye paji la uso. Wataalamu walieleza kwamba skrubu zilizoshikilia sehemu za mashine hazikutosha, ikawa mtikisiko wa kawaida unazilegeza. Naam, skrubu! Mtengenezaji, kampuni ya Yuba Power Products, akajitetea kwamba taarifa ya kuvunjwa kwa dhamana ilichelewa. Jaji Traynor akasema dhima hii haitokani na mkataba, na wala Greenman hahitaji kuthibitisha uzembe: mtengenezaji ameingiza sokoni kitu akijua kitatumika bila kukaguliwa, kitu kina kasoro, mtu kaumia, basi. Gharama ibebwe na waliokiingiza sokoni, si na aliyeumia asiye na namna ya kujikinga.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Jibu la 1, naelewa nia yako, lakini "ajali ni ajali" ndiyo fikra iliyowaacha watu wakijitibu wenyewe kwa makosa ya viwanda. Dada huyu hakufanya kosa lolote. Alishika kishikio.

Sheria hazilingani nchi kwa nchi, hivyo tafuta wakili wa hapo ulipo. Ila msingi katika sehemu nyingi ni huu: uthibitishe kasoro, uthibitishe madhara, na uthibitishe kwamba kasoro ndiyo iliyoleta madhara. Umoja wa Ulaya uliweka hivyo kwenye agizo lake la mwaka 1985, na humo kuna jibu la lile neno la duka kwamba "sisi tunauza tu". Anayewajibika ni mtengenezaji, au aliyebandika jina lake kwenye bidhaa, au aliyeiingiza kwenye soko lile kutoka nje. Hao wasipojulikana, na muuzaji akaulizwa asiwataje ndani ya muda unaofaa, muuzaji mwenyewe anahesabiwa kama mtengenezaji. Kwa hiyo waulize duka kwa maandishi: nani alitengeneza, nani aliwaletea? Weka tarehe, baki na nakala.

Kuhusu karatasi, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Tangazo kwenye boksi kwamba "kampuni haitawajibika kwa majeraha" katika nchi nyingi halina nguvu dhidi ya mtu aliyeumia. Lakini makubaliano unayosaini baada ya kuumia, ukapokea kitu na kusema huna dai lingine, hayo kwa kawaida yanakufunga. Birika jipya kwa mkono wako wa kazi? Hapana.

Watauliza pia kama ulilitumia vibaya: ulijaza kupita alama, ulilidondosha, ulilitumia licha ya kuona ufa? Andika leo, wakati kumbukumbu ni mbichi, kila kitu ulichofanya asubuhi ile, pamoja na hilo la maji kutofika nusu. Na usikae ukasubiri. Kwa lile agizo la 1985 muda ni miaka 3 tangu ujue madhara, kasoro na mhusika, na haki inakufa miaka 10 baada ya bidhaa kuingizwa sokoni. Kwingine muda ni mfupi zaidi.

fundi_wa_mkasi

Nimesoma nikalia kidogo, asanteni. Nimelipeleka dirishani kama alivyosema fundi. Mkato una rangi mbili kweli. Upande wa ndani karibu na skrubu kuna alama ya kahawia kama mwezi mchanga, sehemu iliyobaki ni nyeupe safi. Hiyo ya kahawia ilikuwa imefichwa na kishikio chenyewe, nisingeweza kuiona.

Swali moja tu: zile oda nilizorudisha zinahesabika? Sina mshahara wala hati za malipo, nina daftari tu.

karani_wa_majalada

Zinahesabika, na daftari ni ushahidi. Kipato kilichopotea hudaiwa pamoja na matibabu na maumivu. Usibadilishe ukurasa wowote wala usijaze mapengo sasa hivi. Waombe wenye zile oda mbili waandike mistari miwili mitatu kila mmoja: walileta nini, lini, walirudishiwa lini na kwa sababu gani. Daktari aandike pia utakaa muda gani bila kushika mkasi. Na mkono upigwe picha kila baada ya siku chache, kwa sababu ukipona hakuna atakayeamini ulivyokuwa.

Hiyo alama ya kahawia ilindwe kuliko kitu kingine chochote ulicho nacho. Wakitaka kuichunguza, waje na mtaalamu wao, na wako awepo.

fundi_wa_mkasi

Nimewaambia duka kwamba siendi kesho, na nimewatumia yale maswali mawili kwa ujumbe. Dada amepata boksi la birika juu ya kabati lake. Ubavuni kuna jina la muagizaji.

fundi_vifaa

Piga picha na hilo boksi pande zote, na namba iliyoandikwa chini ya birika. Halafu liweke ndani, usiligeuze sana.