Naomba ushauri: glasi za kristali za wiski, nitazitambuaje zilizo bora?

Habari zenu wakuu. Mjomba wangu anastaafu, nasi wapwa tunataka kumpa seti ya glasi sita za kristali. Mzee anakunywa wiski taratibu, kavu, bila barafu. Anastahili kitu kizuri.

Nimezunguka maduka ya vyombo hapa Mwanza, Makoroboi hadi Rock City Mall, na kila muuzaji anasema yake ndiyo kristali halisi. Ninachojua ni kwamba kristali ya risasi (kioo kilichochanganywa na madini ya risasi, yaani lead) ni nzito kuliko kioo cha kawaida, na ukiigonga kwa kucha inalia kama kengele, mlio unachukua muda kuisha. Ulaya, ili iitwe kristali ya risasi, inatakiwa iwe na oksidi ya risasi angalau asilimia 24. Ndiyo inayoipa ule mng'ao. Lakini risasi ni sumu, na kinywaji kikilala humo muda mrefu huinyonya. Najua glasi ya kunywea na kuosha si sawa na chupa ya kuhifadhia, ila kwa mzee wangu ningependa isiyo na risasi kabisa. Waliozitumia, zinang'aa vilevile?

Umbo nalo linanisumbua. Mkewe anapenda zile pana zenye nakshi. Mimi naegemea Glencairn ya Scotland, yenye tumbo na mdomo uliobana ili harufu ikusanyike puani.

Anayejua duka la kuaminika hapa mjini, au anayeagiza kutoka Dar zikafika bila kuvunjika, anielekeze tafadhali, pamoja na bei.