Mfumo wa hisa wa jioni: wastani mbili, kilele cha siku 55, au kununua zilizoanguka?

FundiSimu_Darajani
Assalaam alaykum wana baraza. Nina kibanda cha kutengeneza simu Darajani, nafunga magharibi. Mchana siwezi kukaa naangalia bei za hisa; mtu akikuletea simu iliyoingia maji ya bahari hakupi muda wa kupumua. Kwa hivyo nataka mfumo wa jioni tu. Soko la Dar limeshafungwa, nachukua bei za kufungia, nazitia kwenye jedwali la kompyuta, fomula inaniambia nunua, uza au kaa kimya. Asubuhi naweka oda kwa simu kabla sijafungua kibanda. Hakuna "nahisi", hakuna "nimesikia kwa mtu". Mtaji ni milioni 5.

Nimebakiwa na njia tatu, nazilinganisha.

Ya kwanza ni wastani mbili. Wastani wa bei za siku 20 ukikata juu ya wastani wa siku 50 nanunua, ukikata chini nauza.

Ya pili ni kilele. Hisa ikifunga juu kuliko siku 55 zote zilizopita nanunua, ikifunga chini kuliko siku 20 zilizopita nauza. Imetokana na kanuni za Richard Dennis, yule wa Chicago aliyebishana na mwenzake William Eckhardt kama biashara hii inafundishika, akakusanya wanafunzi mwaka 1983 akawafunza.

Ya tatu ni RSI ya siku 2, kipimo cha kuonesha bei imepanda au imeshuka kwa kasi kiasi gani. Hisa ambayo kwa muda mrefu inapanda, ikianguka ghafla nainunua, ikirudi kidogo nauza. Siku tatu nne nimeshatoka.

Kwenye jaribio langu la bei za nyuma ya tatu ndiyo inayoshinda mara nyingi, karibu mara mbili katika kila tatu. Moyo umeelekea huko. Nyie mnasemaje?

BintiMkoani
Wa alaykum salaam kaka Fundi. Suali moja kabla ya yote: gharama umezitia?

FundiSimu_Darajani
Bado dada. Nilisema nizione njia kwanza, gharama baadae.

BintiMkoani
Basi hujaona kitu. Hesabu kamisheni ya dalali, tozo ya soko, tozo ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ya hifadhi ya hisa, na VAT yake. Kwa mtaji kama wetu inapita kidogo asilimia 2 ukinunua, na asilimia 2 nyengine ukiuza. Tufanye 4 kwenda na kurudi. Ni kama boti ya Dar, hukati tiketi ya kwenda ukadhani utarudi bure.

RSI yako ya siku 2 inakimbilia faida ya asilimia ngapi kila safari? Kama ni 3, basi ukishinda unapoteza 1, ukishindwa unapoteza mara mbili. Njia ile ilikulia kwenye masoko ambayo kununua na kuuza karibu ni bure. Kwetu haifai, hata ishinde mara tisa katika kumi.

Na usidhani hizo mbili zimepona. Chukua mfumo unaoshinda mara 4 katika 10. Ukishinda unapata mara mbili na nusu ya ulichohatarisha, ukishindwa unapoteza kile ulichohatarisha. Biashara kumi: umeingiza 10, umetoa 6, umebaki na 4. Vizuri. Sasa bei yako ya kukata hasara, yaani ile ikifika unauza usipoteze zaidi, umeiweka asilimia 8 chini ya uliponunua. Gharama ya asilimia 4 ni nusu ya ulichohatarisha, kila biashara, ushinde ushindwe. Biashara kumi zimekula 5. Uko chini kwa 1. Iweke asilimia 20 chini, gharama inakuwa moja ya tano, biashara kumi zinakula 2 na wewe unabaki na 2. Ila hapo faida zako nazo lazima ziwe ndefu: mara mbili na nusu ya 20 ni 50. Hisa ya kupanda asilimia 50 haipatikani kwa wiki.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza ipi inashinda, uliza ipi inafanya biashara chache na inakaa muda mrefu.

Pweza_Kizimkazi
Mie mfumo wangu mstari mmoja: nanunua kabla ya gawio, nauza baada ya gawio. 😄

BintiMkoani
Pweza, siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka karibu kwa kiasi kile kile. Halafu gawio lenyewe linakatwa kodi ya asilimia 5, na asilimia 4 yako ya safari ipo pale pale. Umemlipa kila mtu ukajisahau wewe.

Ila umenikumbusha. Fundi, bei zako za nyuma umezirekebisha kwa gawio? Kama hukuzirekebisha, jedwali linaona mteremko wa gawio kama hisa imeanguka, linakwambia uza, na wewe hujapoteza senti.

AmiWete
Mwanangu Fundi, mie nimeanza zamani. Majira ya mwisho wa 2009 hadi mwanzo wa 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu kizani, nilikuwa napanga chumba Kikwajuni. Kompyuta haina kazi, nikawa nachora bei kwenye daftari la hesabu la skuli kwa penseli, kibatari pembeni. Penseli ilinionesha jambo ambalo jedwali linaficha. Hisa moja, siitaji, mstari wake ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Bei ile ile wiki tatu. Haikuwa imetulia, hapakuwa na aliyeinunua wala aliyeiuza! Soko linarudia bei ya mwisho tu.

Sasa tazama mfumo wa kilele unavyoingia mtegoni. Wale wa Chicago walikuwa wakipima mtikisiko wa bei kwa siku, ATR, aliyoileta Welles Wilder mwaka 1978. Bei ya kukata hasara wanaiweka ATR mbili chini, na kiasi cha kununua kinatokana na hapo. Mtaji milioni 5, unahatarisha asilimia 1, yaani shilingi 50,000. Hisa ni shilingi 500 na unakata hasara ikifika 400: hamsini elfu kwa mia moja ni hisa 500, umetumia 250,000. Sawa. Lakini hisa iliyolala, ATR yake shilingi 1. Mbili chini ni 498. Hamsini elfu kwa mbili ni hisa 25,000. Milioni 12 na nusu! Fomula inakwambia ukakope, tena kwa hisa ambayo hata mnunuzi haina.

Mie nilinunua ya namna hiyo, si kwa mkopo alhamdulillah. Kutoka kulinichukua zaidi ya mwezi. Kila asubuhi dalali ananiambia "Ami, bado."

Siku hizi nina sharti tatu. Hisa iwe imeuzwa kweli, si chini ya siku 15 katika 20 zilizopita. Ninachonunua kisizidi moja ya kumi ya zinazouzwa kwa siku ya kawaida. Na umbali wa kukata hasara usipungue asilimia 15, ATR iseme itakavyo.

Kijana_Vitongoji
Ami amemaliza. Naongeza kosa ambalo naapa Fundi amelifanya, maana kila mtu hulifanya. Jedwali lako linanunua kwa bei gani? Kama ishara imetoka kwa bei ya kufungia Jumanne na wewe umeandika umenunua kwa bei hiyo hiyo ya Jumanne, umenunua kitu jana. Ishara ya Jumanne, bei ya Jumatano. Sogeza safu moja chini uone faida inavyonywea.

Jengine, usianze kuchezea namba. Leo 55, kesho 47 kwa sababu 47 imeleta zaidi. Bei za nyuma zikiteswa sana zinakiri lolote. Kata data mapande mawili, buni kwa la mwanzo, la pili usiliguse mpaka umeshaamua. Na utie hata kampuni zilizotoka sokoni, la sivyo unajaribu mfumo kwa waliopona tu.

Kuhusu wastani mbili: soko likienda upande kwa upande, 20 na 50 zinakatana kila mara, na kila zikikatana unalipa nauli ya dada BintiMkoani. Mie naona kilele cha 55 bora. Wanafunzi wa Dennis walikuwa na soko la kahawa, dhahabu, sarafu, na waliweza kupata hata bei zikishuka. Sisi tunapata zikipanda tu. Kwa hivyo usitegemee yao.

AmiWete
Kijana hapo tunapishana. Wastani nao unafaa, ila upime kwa wiki, si kwa siku. Kelele zinapungua.

Ustadh_Michenzani
Assalaam alaykum. Nyote mnahangaika na fomula, orodha ya hisa hamjaiuliza. Zinazouzwa kwa wingi Dar ni za benki za riba. Ukitoa benki, bia na sigara, zinabaki saruji, gesi za viwandani, huduma za uwanja wa ndege, simu na chache nyengine. Hata hizo zina vipimo: kwa kiwango cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato lisiloruhusika lisizidi asilimia 5, na hicho kidogo ukitoe kwenye gawio lako. Na kwa mwenye kununua na kuuza, zaka ni asilimia 2.5 ya thamani yote, si ya faida.

Pweza_Kizimkazi
Ustadh, kila mtu na kaburi lake. Yeye kauliza mfumo.

Ustadh_Michenzani
Orodha ndiyo sehemu ya kwanza ya mfumo, Pweza. Muulize Fundi faida ya jaribio lake imetoka kwenye hisa zipi.

FundiSimu_Darajani
Ustadh umenishika. Nimekaa jana baada ya isha mpaka saa saba usiku. Nimesogeza safu kama alivyosema Kijana, nimetia asilimia 4, nimerekebisha gawio, nimeondoa benki. Mwanzoni sikuziondoa kwa kuwa nilidhani nitaamua baadae, na kumbe faida karibu yote ilikuwa yao.

Ya tatu imekufa, sina la kusema. Wastani wa siku 20 na 50 unapoteza. Kilele cha 55 kimebaki juu kidogo, kwa biashara tatu nne kwa mwaka, na masharti ya Ami yamezikataa hisa mbili kabisa. Wastani wa wiki wa Ami umekaribiana nacho, tofauti ni ndogo mno kuwatukanisha nyie wawili. Nachukua kilele, kutoka kwa siku 20, hatari asilimia 1, umbali usipungue 15, na katika kibanda naandika kila ishara kwenye daftari hata nisiyoifuata.

Sikutegemea mfumo ambao miezi mitatu unaniambia "kaa kimya". Ila hisa moja ya saruji imetoa ishara jana. Inshaallah naanza Jumatatu.

BintiMkoani
Kaka, Jumatatu ni ya Pasaka. Soko limefungwa.