Sahani yangu iko kwa jirani wiki ya tatu sasa. Niende kuidai?

BintiLikoni

Hamjambo wenzangu. Swali langu dogo lakini lina mkia mrefu, nivumilieni.

Mimi ni mtu wa Likoni, miaka thelathini na minne, na tangu mwezi wa tano niko Nairobi, Umoja, orofa ya nne. Sikuja kwa kupenda. Nimekuwa karani kwa wakala wa forodha miaka tisa, na wanaojua kazi hii wanajua yaliyotupata treni mpya ya mizigo ilipoanza 2018: makontena yakawa yanapita Mombasa kama yanaaga, hadi bandari ya nchi kavu ya Embakasi, hapa Nairobi. Amri ya kuyapandisha kwa treni ilipobadilishwa 2022 wako waliorudi. Wateja wetu wengi maduka yao yako huku, wakaona wameshazoea. Mwaka huu tajiri akasema dawati moja litabaki Mombasa, matatu yatapanda Nairobi. Langu likapanda.

Siku ya kuhamia, keateka, yule msimamizi wa nyumba, aliniuliza nina vitu gani nikamtajia: kitanda, jiko la gesi, vyombo, na mbuzi. Akasimama. Akaniambia ploti hii haifugi mifugo. Ilibidi nifungue gunia nimtolee mbuzi yangu ya kukunia nazi, akaigeuza geuza akauliza inakaliwa ama inapandwa.

Basi. Miezi miwili ya kwanza sikuzungumza na mtu yeyote hapa nyumbani. Si kwamba ni watu wabaya. Kwetu ukitoka kununua dawa ya mbu unasalimia watu kumi na wawili, na kila mmoja anataka kujua nyanya yako aliamkaje. Hapa nilimwambia mtu "masalkheri" kwenye ngazi, akachomoa kile kidude cha sikio akasema "Ati?" Nikaona aibu kurudia. Na mama mboga wa hapo chini, kila nikifungua mdomo, huuliza, "We ni wa Tanzania?" Nikisema Mombasa, anacheka, halafu sukuma inabaki bei ile ile ya Mtanzania.

Sasa Jumapili moja mwezi wa saba nikasema wacha niishi kama mtu. Nikaumua unga wa mahamri tangu alfajiri. Kwetu saa mbili unga umeshafura unasukuma kifuniko. Hapa saa nne umelala tu kama mgonjwa. Nikauzungushia leso mbili na sweta. Mbaazi nazo, wallahi, ziliunguza gesi saa mbili na nusu. Lakini mwishowe vikaiva. Nikatia mahamri sita kwenye sahani, mbaazi na tui lake zikazama kwenye kibakuli juu ya sahani hiyo hiyo, nikafunika kitambaa, nikabisha mlango unaonitazama.

Mama wa rika langu akafungua nusu, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Nikamsalimu. Akatazama kile kitambaa akaniuliza, "Ni pesa ngapi?"

Nikamwambia si ya kuuza, nimepika mengi, ni ya watoto. Akanitazama vile mtu humtazama anayekuja kukopa. Kisha akapokea, akasema asante, akafunga.

Tangu siku hiyo, wiki ya tatu, sahani haijarudi. Tukikutana kwenye ngazi ananiambia "sasa" huku ameshafika orofa ya pili. Kibakuli si kitu. Sahani ni ya udongo, ina maua ya buluu, ni moja katika sita alizonipa mama nilipoolewa. Ndoa haikudumu, sahani zimedumu zote sita.

Nimdai? Nimwachie? Na hizi mbaazi nyinyi huzipika vipi hata zikaiva?

Jamaa_wa_Kayole

Karibu Nairobi dadangu. Nimezaliwa huku, nikueleze.

Mlango ukibishwa huku ni mambo matatu. Ni keateka na kodi, ni mtu amekosa maji, ama ni mtoto ametupa mpira kwa balkoni yako. Hakuna mtu hubisha akileta. Huyo mama alishtuka tu. Mimi mwenyewe mtu akiniletea chakula nisiyemjua nitakula, lakini kwanza nitampa paka kidogo.

Nenda Kamukunji Jumamosi, vyombo vimejaa. Nunua dazani uache presha.

Na masalkheri usirudie. Mwanamume mwambie "niaje", mama mwambie "habari yako mathe", basi. Kwa mama mboga usiombe "naomba unipatie". Sema "niwekee ya thelathini". Ukiomba kwa adabu sana anajua huna mtaa, na bei inapanda hapo hapo, kama nauli mvua ikianza.

MwalimuWaKemia

Naacha sahani kwa wengine, najibu mbaazi.

Mbaazi zako si mbovu. Likoni uko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Hapa uko karibu mita 1,800 juu, hewa inayokandamiza sufuria ni nyepesi, kwa hiyo maji yanaanza kuchemka yakiwa nyuzi 94 hivi. Yakishachemka hayaongezeki joto, hata ukifungua gesi mpaka mwisho. Unaona sufuria inatokota kama ya kwa mama yako ukadhani ni moto ule ule. Unateketeza gesi bure. Ziloweke usiku kucha, na ukipata pesa nunua sufuria ya presha, kwa maana hiyo hufungia mvuke ndani na kurudisha zile nyuzi ulizoziacha pwani. Maharagwe na githeri ni vivyo hivyo, ndiyo maana wengi huku hununua vikiwa vimeshachemshwa kwa wamama wa barabarani. Wanachemshia makaa, saa nzima nzima, kwa wingi. Hata mimi hununua.

Unga ni baridi tu. Mwezi wa saba usiku hushuka nyuzi kumi na kitu, hamira inalala. Kanda usiku, uache hadi asubuhi, au weka bakuli karibu na sufuria ya mbaazi inapochemka. Sweta halisaidii sana, maana unga hauna joto lake la kutunzwa. Lakini nimelipenda.

MamaSimiyu

Dada BintiLikoni, nimesoma nikacheka, kisha nikanyamaza. Mimi niliwahi kuwa huyo jirani.

Ilikuwa mtaa wa Pipeline, mwaka nimeanza kazi kiwandani. Siku ya Idd jirani yangu, mama wa Kiborana, akaniletea pilau kwenye bakuli kubwa la kioo lenye mfuniko. Tulikula siku mbili. Mimi ni wa Bungoma, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukirudisha kitupu umemwambia mwenzako kwamba umemaliza naye. Sasa nirudishe na nini? Mwezi ulikuwa kwenye kona. Nikasema mshahara ukiingia nitachinja kuku. Mshahara ukaingia, mtoto akaugua. Nikasema basi nitapika chapati. Wiki ya tano chapati zikaonekana kidogo, kwa sababu bakuli lilikuwa limekaa muda mrefu, na kadiri linavyokaa deni linakua. Nilifika mahali nachungulia kwa pazia kabla ya kutoka kwenda kazini nisikutane naye. Nikiwa nimekutana naye nasema "sasa" naruka ngazi. Huyo wako anakimbia hivyo hivyo, nakwambia.

Mwisho wa mwezi wa pili niliona mkokoteni chini na godoro lake juu. Alikuwa anahama. Sikushuka. Bakuli ninalo mpaka leo, naweka sukari.

Kwa hiyo usimdai, tafadhali. Ukimdai atakurudishia imeoshwa vizuri na hamtasemezana tena. Wewe mwombe kitu. Kitu kidogo kabisa, kiberiti, chumvi, au amtume mtoto wake akupeleke kwa fundi wa viatu. Ulianza kwa kumpa ukampa mzigo. Mwache na yeye akupe.

SouthB_lakini_Kisauni

Mamangu BintiLikoni, waaleikum salaam hata kama hukuitoa. Mimi huku mwaka wa kumi na mbili.

MamaSimiyu amesema kweli lakini yuwasahau jambo moja. Sisi kuomba kwa mtu usiyemjua ni kujivunjia heshima. Mimi ningekaa bila chumvi mpaka asubuhi. Sijui wewe, labda Likoni mumechangamka kutushinda.

Langu ni jingine. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nashuka Mombasa kila mwisho wa mwezi. Treni ya abiria ilipokuja 2017 ndiyo nikaharibika kabisa, daraja la kawaida lilikuwa shilingi mia saba, Ijumaa nishafika Miritini, Jumapili nipo Syokimau na ndoo ya achari. Nilikuwa naishi kwenye treni. Nairobi nilikuwa nalala tu. Januari 2024 nauli ikapanda hadi elfu moja na mia tano, na hiyo peke yake ishanituliza. Nashuka mara tatu kwa mwaka.

Siku ukilemewa na kimya, panda gari uende Majengo ya Pumwani asubuhi. Mtaa wa zamani ule, Waswahili wa Nairobi wako pale tangu enzi za mkoloni. Utapata mahamri na mbaazi uzinunue umekaa kwenye benchi, na kikongwe atakuuliza wewe mtoto wa nani. Mimi hiyo "mtoto wa nani" niliposikia mara ya kwanza nilikaribia kulia. Nazi nunua soko la Marikiti, uzitikise kwanza, nyingine zimesafiri zaidi yetu. Ijumaa msikiti wa Jamia mjini una nafasi ya wanawake.

Na sweta nunua mbili, Gikomba. Baridi ya mwezi wa saba haisemezeki kwa leso.

Jamaa_wa_Kayole

@MamaSimiyu hiyo ya bakuli imenimaliza. Nimekumbuka niko na sufuria ya mtu.

BintiLikoni

Nimerudi baada ya siku tisa. Ahsanteni nyote. Mwalimu, mbaazi nililoweka, zimeiva kwa saa moja na robo, nimekuombea dua.

Chumvi sikuomba. SouthB umenijua, nilisimama mbele ya ule mlango mara mbili mkono uko juu, nikarudi ndani. Kiberiti nacho ninavyo vitatu, mtu atasema nimekuja kupeleleza.

Kilichonitoa ni maji. Jumatatu mfereji ukakauka. Nyumbani nilikuwa na maji nusu ndoo, nikaona yatatosha. Jumanne jioni sina hata ya kutilia udhu. Keateka hashiki simu. Nikachukua ndoo nikabisha, na safari hii sikufikiri heshima wala nini.

Akafungua mtoto, msichana wa miaka sita saba hivi, bila mnyororo. Na pale nyuma yake mezani, sahani yangu. Maua ya buluu, ugali juu, sukuma pembeni, na kijana mdogo mwingine anakula kwa mkono wa kushoto. Mama mtu alikuwa jikoni, akatoka, akaniona, akaona ninachokiona. Hata sikujua nani aone haya zaidi. Nikaishika ile ndoo kifuani nikasema haraka haraka, "Jirani, mimi ni mgeni, maji hapa huja lini?"

Uso ukamfunguka hivi. Akaniketisha. Kumbe kuna ratiba! Mtaa mzima unaijua, mimi peke yangu sikuijua. Maji ya Nairobi, mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule milimani, na hayatoshi, kwa hiyo kila mtaa una siku zake. Upande wetu ni Jumanne na Ijumaa, na si mchana, ni saa nane usiku, tena kwa saa tatu tu. Orofa ya nne yanafika mwisho yakiwa uzi. Akanieleza nani ana mtungi mkubwa, keateka hufungua tangi saa ngapi, nani humpa keateka chai ndiyo afunguliwe kwanza. Akaniuliza zile mahamri nilitia nini. Nikamwambia iliki na tui. Akasema watoto wamekuwa wakiuliza kila Jumapili kama "mama wa mandazi" amepika. Mahamri si mandazi, lakini siku hiyo sikusahihisha.

Ni Mkamba, wa Machakos, ana duka la nguo za watoto. Sahani hakuitaja na mimi sikuitaja. Yule kijana alikuwa ameumaliza ugali, akaipangusa kwa kidole.

Nilipoondoka akaninyang'anya ile ndoo akanipa mtungi wake wa lita ishirini, umejaa, na akanibebea mwenyewe hadi mlangoni.

Sasa nina mtungi wa mtu. Ni wa manjano, una ufa kwenye mshikio, ameufunga kwa utepe. Nao siwezi kuurudisha mtupu. Jee, mtungi hurudishwa na nini?

Jamaa_wa_Kayole

Na maji, dadangu. Leo ni Ijumaa. Weka alamu saa nane.